Neno Moja Kwenye Kadi

Mwashi aliishi na ngiri miaka mitatu. Kila alipoinua tofali, alishika kinena na kukunja uso. Wenzake kwenye ujenzi walimtania, "Fundi, mimba hiyo utajifungua lini?" Naye alicheka nao. Akifika nyumbani alijilaza chali sakafuni na viatu vyake, maana kuinama kuvivua kulimuuma.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Mwaka uliopita alimaliza darasa la watu wazima, na tangu hapo hakupitwa na herufi. Alisoma vibao vya maduka. Alisoma mifuko ya saruji. Mumewe alimwita Profesa.

Siku moja mwashi alirudi kutoka hospitali na kadi mkononi.

"Profesa, nisomee. Wamenipangia siku ya upasuaji."

Kadi iliandikwa kwa Kiingereza. Mke aliitambua siku: Jumanne. Aliitambua na saa: saa mbili asubuhi. Chini palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: FAST.

"Hili nalijua," alisema kwa furaha. Cherehani yake ya umeme ilikuwa na swichi. Upande mmoja iliandikwa SLOW, yaani polepole. Upande wa pili FAST, yaani haraka. "Wanataka uende haraka. Usichelewe."

"Madaktari hao hawapendi kusubiri watu," alisema mwashi.

Jumanne walidamka mapema. Mke alipika uji mzito na mayai matatu.

"Kula, baba. Leo utahitaji nguvu."

Mwashi akala akashiba. Wakafunga mlango, wakaenda mbiombio.

Hospitalini walipokelewa na nesi kijana mwenye karatasi nyingi. Aliuliza bila kuinua macho, "Mmefunga?"

"Tumefunga vizuri, sista," alijibu mke, akigusa ufunguo wa nyumba ndani ya mkoba.

Nesi akaweka alama kwenye karatasi. Mwashi akasukumwa ndani kwenye kitanda cha magurudumu. Alimpungia mkewe mkono.

Haikupita nusu saa, watu wakaanza kukimbia. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Hakuna aliyemwambia mke kitu. Mwishowe alitoka nesi mwingine, mama wa makamo, akaketi naye kwenye benchi.

"Mama, mgonjwa alikula nini leo?"

"Uji. Na mayai."

Nesi alifumba macho kidogo. "Hakuambiwa afunge?"

"Afunge nini, sista?"

"Kufunga kula, mama. Mtu akipewa dawa ya usingizi, koo lake hulegea. Chakula kikiwa tumboni hupanda juu, kikaingia kwenye mapafu. Ndicho kilichomkuta mumeo. Hatukuweza kumpasua. Yuko kwenye mashine ya kupumulia."

Mke alitoa kadi. Aliweka kidole juu ya neno lile. "Hapa pameandikwa aende haraka."

"Ndiyo, neno hili ni haraka," alisema nesi taratibu. "Lakini pia ni kufunga, kukaa bila kula. Na kwenye kitambaa, linaweza kumaanisha rangi isiyotoka. Neno ni moja, maana ni nyingi. Unatazama limekaa wapi. Kwenye kadi ya upasuaji, ni kufunga."

"Basi mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa, mama. Na kosa ni letu pia. Tulipaswa kumweleza kwa mdomo, kwa lugha yake."

Maneno hayo aliyasikia, lakini hayakumwingia.

Mwashi alikaa hospitalini wiki tano. Aliporudi alikuwa ngozi na mifupa. Kupanda ngazi tatu za mlangoni kulimtoa jasho. Wenzake walimletea mwiko wake na timazi. Safari hii hakuna aliyemtania. Walipoondoka, alivisukuma vyombo vile chini ya kitanda, akageukia ukutani.

Mke aliacha kusoma. Gazeti alilikata vipande vya kupimia mikono ya mashati.

"Profesa, nisomee kidogo," mumewe alimwomba.

"Usiniite hivyo. Sijui kusoma."

"Sikukulaumu hata siku moja."

"Afadhali ungenilaumu."

Na ngiri ilikuwa palepale. Mapafu yalipopata nafuu kidogo, daktari aliwaita. Ilibidi mwashi apasuliwe, maana utumbo ungeweza kunasa na kumuua. Wakapewa kadi nyingine. Neno lilikuwa lilelile.

Mke alisimama kwenye dirisha la mapokezi, mbele ya foleni ndefu.

"Sista, naomba unieleze kila kilichoandikwa hapa. Kwa Kiswahili."

"Mama, wengine wanasubiri," alisema mtu nyuma yake.

"Wasubiri," alijibu. "Asile tangu saa ngapi? Na maji je? Na vidonge vyake vya kifua?"

Yule nesi wa makamo alikuja mwenyewe dirishani. Alieleza kwa sauti, kila mtu akasikia. "Asile chochote kwa saa nane kabla ya upasuaji. Maji matupu anaweza kunywa kidogo, lakini aache saa mbili kabla. Vidonge, daktari atasema. Akijisahau akala, mtuambie. Tutabadilisha siku, hatutamgombeza."

Nyuma kwenye foleni, mwanamume mmoja mwenye kadi mkononi aliacha kutafuna. Alitema mkate kwenye kitambaa chake, akauliza kwa woga, "Hata mimi wa leo?"

"Hata wewe, baba. Njoo huku tuzungumze."

Tangu wiki ile, kadi ziliandikwa kwa Kiswahili: USILE. Na saa ikaandikwa kando.

Mwashi alipasuliwa, akaamka salama. Ngiri ikaisha. Mapafu hayakurudi kama zamani, na ujenzini hakurudi tena. Anashona vifungo sasa, amekaa kando ya mkewe, akipumzika kila baada ya shati moja. Jioni mke hufungua gazeti na kumsomea. Akifika kwenye neno asilolijua, husimama. Halibahatishi. Huliandika kwenye karatasi, na kesho yake huenda kuuliza.