Ndoo ya Pili ya Mahindi

Kila asubuhi saa moja, Arlys Tveit alitoka na ndoo ndogo ya mahindi makavu. Alivaa koti la mumewe, kwa sababu la kwake lilikuwa jipya na hakutaka lichafuke. Alipita kando ya banda, akafika mwisho wa ua, akayamwaga mahindi kwenye theluji. Kisha alirudi ndani kutengeneza kahawa.

Mumewe, Wendell, alikuwa dirishani akisubiri. Alikuwa amepata kiharusi miaka miwili nyuma. Mkono wake wa kulia haukufanya kazi, wala mguu. Zamani alikuwa fundi wa umeme, mtu wa kupanda nguzo. Sasa hata kupanda kitandani alisaidiwa. Kilichobaki kumfurahisha ni kulungu.

"Wamekuja?" Arlys aliuliza kutoka jikoni.

"Kumi na mmoja," alijibu Wendell. Siku hizi alizungumza polepole. "Na Shangazi yuko mbele, kama kawaida."

Shangazi alikuwa kulungu jike, mzee, sikio lake moja limechanika. Wendell alimwita Shangazi Inga. Alisema anawatazama watu vile vile shangazi yake alivyowatazama waliochelewa kanisani.

Mimi naitwa Verna. Nyumba yangu ni ya pili kutoka kwao. Nyuma ya nyumba zetu kuna korongo lenye miti, mali ya mji wetu wa Tollefson. Nilipohamia hapa, korongo lile lilijaa maua meupe kila mwezi wa tano, na miche ya mialoni ilikuwa mingi. Miaka ikapita, maua yakaisha. Miche ikaisha. Chini pakabaki udongo mtupu, na matawi yakaliwa yote mpaka pale shingo ya kulungu inapofika. Sote tuliona, na hakuna aliyesema kitu. Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mtu akivunjika mguu, ukimuuliza hali, atakujibu, "Si mbaya sana."

Mwezi wa kumi, Rhonda Kiesner alikuja. Rhonda anasimamia misitu na bustani za mji. Siku hiyo nilikuwa kwa kina Tveit, tunacheza karata. Rhonda alivua viatu mlangoni, akapewa kahawa na keki, akaisifu keki. Tulizungumzia hali ya hewa robo saa nzima. Ndipo akatoa karatasi.

"Mji umeamua kuwapunguza kulungu," alisema. "Tutawaruhusu wawindaji wa upinde waingie kwenye ardhi ya mji. Korongo hili ni mojawapo. Lakini ni jembamba. Kulungu akipigwa mshale anaweza kukimbia hatua mia kabla hajaanguka. Anaweza kuangukia uani kwenu. Bila saini zenu nyote wawili, mwindaji haruhusiwi kumfuata humo. Na kama hawezi kumfuata, mimi simweki mwindaji hapa."

"Basi usimweke," alisema Arlys.

"Bi Arlys, korongo hili linaweza kulisha kulungu wanne, labda watano. Juzi nimehesabu ishirini na watatu."

"Sisi tunawalisha."

"Ndiyo maana wako ishirini na watatu."

Wendell alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Arlys hakucheka.

"Kwa nini msiwakamate mkawapeleke msitu mwingine?" niliuliza.

"Wengi hufa kwa hofu, njiani au wakishafika," alisema Rhonda. "Tena wanaweza kupeleka ugonjwa huko. Kuna ule ugonjwa wa kukonda. Hauna dawa. Wakila pamoja kwenye rundo moja la mahindi, mate kwa mate, wanaambukizana."

"Na lazima upinde? Bunduki je?"

"Bunduki mjini, Verna? Na watoto wamejaa? Mshale hauendi mbali. Kila mwindaji anafanya mtihani wa shabaha kila mwaka, akishindwa anarudi nyumbani. Anakaa juu ya mti, kwenye kichanja, ili mshale uelekee ardhini. Na lazima aanze na jike, kwa sababu jike ndiye anayezaa. Akiua dume tu, mwakani idadi ni ile ile."

"Yaani aanze na Shangazi," alisema Arlys.

Alisimama akaanza kukusanya vikombe. Kwetu, mwenye nyumba akianza kukusanya vikombe, mgeni huelewa. Rhonda akaenda kuvaa viatu vyake.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Mwezi wa pili, theluji ilifika kiunoni. Juu yake ikanyesha mvua, mvua ikaganda, na mlango wa nyuma wa kina Tveit ukashikwa na barafu. Siku nne Arlys hakuweza kutoka. Kulungu walisimama mwisho wa ua wakiitazama nyumba, mbavu zinahesabika.

"Wanakufa njaa, Arlys," Wendell alisema. "Wanatutegemea sisi."

Siku ya tano nilikwenda na koleo, tukaufungua mlango. Arlys alichukua ndoo kubwa, akaijaza mahindi.

"Ongeza ya pili," Wendell aliita kutoka kitini. "Wape washibe leo."

Arlys akamwaga ndoo mbili kubwa. Kulungu walikuja mbio. Wenye nguvu waliwasukuma wenzao, wakala wao karibu yote. Sisi watatu tulitazama dirishani, na ninakiri kwamba tulifurahi. Wendell alipiga paja lake kwa mkono mzima.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano alfajiri Arlys alinipigia simu.

"Verna, njoo. Pitia nyuma. Usigonge."

Kulungu watatu walikuwa wamelala kwenye theluji, wamekufa. Matumbo yao yalikuwa yamevimba. Mmoja alikuwa karibu na banda, sikio lake moja limechanika. Theluji iliyomzunguka ilikuwa imevurugwa kwa kwato. Hakufa upesi.

Tulimpigia Rhonda. Alifika na kisu na glavu ndefu. Hakusema lolote kuhusu siku ile ya karatasi. Alipiga magoti, akampasua Shangazi tumbo. Harufu ilinifanya nirudi nyuma, chachu, kama uji uliosahauliwa siku tatu. Ndani mlikuwa na mahindi matupu, punje nzima nzima.

"Nilijua ni njaa," alisema Arlys.

"Si njaa, Bi Arlys. Huyu amekufa ameshiba."

"Sielewi."

Rhonda alivua glavu. Alieleza polepole, na mimi naeleza hapa kama alivyotueleza.

"Tumbo la kulungu ni kama la ng'ombe. Anacheua. Ndani kuna vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula. Wakati wa baridi kulungu anakula vijiti na magome, na vijidudu vyake vimezoea hivyo. Mahindi kidogo anaweza kuyavumilia. Lakini hawa walikuwa hawajala siku nne. Wakapata mahindi mengi kwa mara moja. Tumbo limeshindwa, likachacha. Uchachu ule unaingia kwenye damu. Inachukua siku moja, mbili, anakufa kwa maumivu."

"Niliwapa kwa huruma," alisema Arlys.

"Najua."

"Rhonda, niliwapa kwa huruma."

"Najua, mama. Mwaka huu ninyi ni nyumba ya sita kupatwa na haya."

Arlys alisimama pale na koti la mumewe, mikono imezama kwenye mifuko. Hakulia. Afadhali angelia, maana uso wake ulinitisha.

"Asijue Wendell," alisema mwishowe.

Rhonda na mimi tuliwavuta kulungu hadi kwenye gari, kabla Wendell hajaamshwa. Arlys alikihamisha kiti cha mumewe, akakiweka kwenye dirisha linalotazama barabara. Alimwambia dirisha la nyuma linaingiza upepo. Wendell aliuliza mara moja tu.

"Shangazi yuko wapi?"

"Amevuka mto," alisema Arlys. "Barafu ilikuwa nene. Alikwenda na wenzake wawili."

Akanitazama. Nami nikasema, "Ndiyo, niliwaona wakivuka." Nilimdanganya mgonjwa mchana kweupe, na ninaona haya mpaka leo. Wendell akasema, "Aa." Hakuuliza tena. Tukadhani tumemaliza.

Arlys hakumwaga mahindi tena, lakini alianza kukonda. Nilimpelekea bakuli la viazi na nyama vya kuoka, nikalikuta siku ya tatu halijaguswa. Kila mara alikwenda kusimama karibu na banda. Nikimuuliza hali, alinijibu, "Si mbaya sana."

Mwezi wa nane Rhonda alirudi na karatasi ile ile. Uwindaji ungeanza katikati ya mwezi wa tisa.

"Mimi nitasaini," alisema Arlys mlangoni, sauti chini. "Sitaki mwingine afe vile. Tatizo ni Wendell."

"Saini yake ni lazima. Nyumba ni ya wote wawili."

"Akiuliza kwa nini nimebadilika, nitamwambia nini?"

Rhonda alimkabidhi karatasi tu. Jambo hilo halikuwa la mji.

Kesho yake Arlys aliniomba nikae naye, asije akaghairi. Alivuta kiti cha jikoni, akaketi mbele ya mumewe, karatasi mapajani.

"Wendell. Kuna kitu sijakuambia. Shangazi Inga hakuvuka mto."

"Najua," alisema Wendell.

"Hujui. Alikufa. Mahindi yangu ndiyo yaliyomuua. Rhonda alimpasua, nikaona kwa macho yangu."

"Nilimwona, Arlys." Alipumua, akatafuta maneno. "Dirisha la chumbani. Usiku ule sikulala. Kwa mwanga wa mwezi nilimwona karibu na banda, tumbo limevimba. Alijaribu kuinuka mara nne. Mara ya tano hakujaribu."

Arlys aliiweka karatasi sakafuni.

"Miezi sita," alisema. "Miezi sita unaniacha nadanganya. Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema alivuka mto. Nikafikiri hujui kilichomuua. Nikasema moyoni, heri asijue." Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile linalofanya kazi vizuri. "Ndoo ya pili, Arlys. Ni mimi niliyekuambia uongeze. Wewe ulikuwa umejaza moja tu. Ni mimi niliyekutuma."

Nilikwenda jikoni nikafungua maji, nikaosha vikombe visivyokuwa vichafu. Nyuma yangu nilisikia wakilia. Miaka yote niliyowajua sikuwahi kuwasikia. Niliporudi, Arlys alikuwa ameishikilia karatasi kwenye ubao, na Wendell anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua dakika nzima. Herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Rhonda alizikubali.

"Rudisha kiti changu," alisema Wendell. "Nimechoka kuhesabu magari."

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, Rhonda mwenyewe alikuwa kichanjani, maana naye ni mwindaji na mtihani amefaulu. Tulikuwa dirishani. Hatukusikia kitu. Kulungu jike alitoka mitini, amepigwa mshale, akapiga hatua chache kwenye ua, akasimama, kisha akalala ubavu. Wendell alitazama saa ya ukutani.

"Hata dakika haijafika," alisema.

Arlys alitoka nje kumfungulia Rhonda geti. Alimsaidia kuvuta. Kipande kidogo cha shingo kilikatwa kwenda kupimwa ule ugonjwa wa kukonda. Majibu yalirudi mazuri, na nyama ikaenda kanisani, kwenye kituo cha kugawia wahitaji chakula. Arlys alipewa kipande, akakipika na vitunguu kwa moto mdogo mchana kutwa. Wendell alikula vijiko vitatu.

"Si mbaya sana," alisema, na Arlys akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Hadi mwisho wa msimu, kulungu kumi na wanne walikuwa wamewindwa katika korongo lile. Tulishika tulichofundishwa. Hatuweki mahindi, wala jiwe la chumvi la kulamba. Matufaha yaliyoanguka tunayaokota. Na Rhonda alituambia ukweli mwingine, kwamba kazi hii haiishi. Kila mwaka wanahesabu upya, na kila mwaka wawindaji wanarudi kwa idadi inayotakiwa, si zaidi.

Mwezi wa tatu Wendell alipata kiharusi cha pili. Alifariki siku mbili baadaye. Majirani wote tulileta mabakuli ya chakula, na Arlys alimshukuru kila mmoja kwa jina.

Mwezi wa tano maua meupe yalitokea korongoni. Hayakuwa mengi, labda thelathini, chini ya mteremko. Miche ya mialoni ilikuwa imefika urefu wa kiganja, na hakuna aliyeing'ata. Baridi ile hatukumkuta kulungu hata mmoja aliyekufa kwa njaa.

Jioni moja ya mwezi wa sita nilikuwa na Arlys nyuma ya nyumba. Kulungu jike alitoka mitini na watoto wawili. Alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Alikula majani, watoto wakaruka ruka. Hakuitazama nyumba hata mara moja.

"Hawatujui tena," alisema Arlys.

"Ndivyo inavyotakiwa," nilimwambia.

"Najua. Lakini Wendell angenuna."

Alisimama pale mpaka walipopotea kwenye miti. Kisha akaingia ndani kupika chakula cha mtu mmoja.