Sarafu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Harufu ya udongo uliolowa mvua ilianzia chumbani, na mji mzima wa Mwingi haukuwa umeona tone tangu mwaka jana. Kavata alinusa, akachungulia dirishani. Jua kali, vumbi, mbuzi wa watu. Alikuwa amechoka mno, hata kushangaa alishindwa.

Mumewe Mbithi, fundi wa saa, alikusanya sarafu za fedha za Wajerumani wa kale, zile zilizotengenezwa kwa fedha ya migodi yao. Ya karibuni ilikuwa nyeusi tii, ina picha ya mchimbaji mwenye taa. "Usiioshe kamwe," alimwonya mkewe. "Huo weusi ndio uzee wake." Haya, nani atamwambia Kavata asisugue kitu cheusi? Sufuria zake zinang'aa, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Akaona amfurahishe mzee: akachukua majivu na ndimu, akasugua mpaka mchimbaji akatokea, na macho yake.

Tangu hapo, Mbithi akijinyoosha kitandani, hata mchana, anaamka hoi, malengelenge mikononi, matope kwenye kucha, anakohoa makohozi meusi. Na chini ya sakafu, ko... ko... ko. Watu wa kanisa waliomba hadi sauti zikakauka. Wapi!

Alasiri moja Kavata aliinama akaweka sikio kwenye simenti, akasikia pumzi za watu wengi, na mnyororo ukiburutwa, na katikati yao kikohozi anachokijua, cha mume wake, ambaye alikuwa amelala pale pale mbele yake, mdomo umefumbwa. Woi! Alitoka mbio bila viatu hadi kwa jirani yake Abdiya, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, anayewasomea wagonjwa dua kwenye maji.

Abdiya alikuja, akaigusa sarafu, akarudisha mkono haraka.

"Mama Nthenya," alimnong'oneza Kavata, "hili jini la mgodi lililazwa na ule weusi. Umeliamsha, na linataka mfanyakazi. Nikisoma litamwachilia baba Nthenya, lakini..."

"Lakini nini?"

"Litauliza nani anaingia zamu."

Kavata alimtazama Mbithi, mbavu zote nje. Aliogopa, akampenda, akaogopa zaidi.

"Soma tu, dada."

Maji yalinyunyizwa kila pembe na harufu ikaisha. Asubuhi Mbithi aliamka mzima, akapika chai mwenyewe, maajabu.

"Kavata, amka basi! Jua limepanda!"

Kavata alificha mikono chini ya blanketi.

"Niache kidogo, baba Nthenya," alisema. "Sasa hivi ndio nimetoka kazini."