Sahani Inayorudi Safi

Kila mchana alipotoka shuleni, Kifutio alivua sare, akanawa mikono, kisha akaenda jikoni kuchukua sahani mbili, yake na ya dada yake. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu sahani ikipita mikononi mwake hairudi na chembe. Alikuwa darasa la sita na jina halikumkera hata kidogo.

Dada yake alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na amerudi nyumbani kwa likizo. Likizo zilizopita walicheka mpaka mbavu zikauma. Safari hii dada alishinda kitandani, pazia limefungwa, uso kaugeuzia ukuta. Kitabu chake kilikuwa ukurasa uleule tangu alipofika.

"Dada, chakula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujala tangu asubuhi?"

"Kula wewe. Mama akiuliza, sema nimekula. Sitaki maneno."

Kifutio akala. Siku ya kwanza alikula kwa huruma, ya pili kwa mazoea, na tuseme ukweli, kuanzia ya tatu alikula kwa sababu maharage yalikuwa matamu. Mama alipotoka kwenye cherehani alikuta sahani mbili zinang'aa.

"Dada yako kala?"

"Kala yote, mama."

"Basi ni uvivu tu. Kula anakula, kulala analala, kazi ndiyo hawezi!"

Akaenda kuyasema hayo mlangoni kwa sauti. Kifutio, aliyekuwa akiosha vyombo, alisikia kilio kidogo cha mtu aliyeuma shuka, naye moyo ukamuuma.

Wiki ya tatu dada alitoka chumbani mwenyewe. Alisimama mbele ya cherehani, nywele hazijachanwa. "Mama, sirudi chuo. Akili yangu imekufa. Sifai kitu."

Kabla mama hajafungua kinywa, dada akashika meza, macho yakamzunguka, akaanguka juu ya vitambaa. Mama aliruka kiti, akamkumbatia na kumwita majina yote aliyomwita utotoni. Jirani akawapeleka wote watatu zahanati.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimpima dada, akamtoa damu, akamuuliza maswali mengi. Dada alijibu kwa kutikisa kichwa. Mwishoni daktari akamgeukia mama. "Anakula vizuri?"

"Kula anakula, daktari. Sahani inarudi safi kila siku."

Daktari akaanza kuandika. Kifutio aliitazama ile kalamu ikienda. Akisema, dada atamwona msaliti na mama atawaka. Asiposema, daktari atatibu mtu mwingine kabisa, mtu anayekula maharage na mayai kila siku.

"Daktari, usiandike hivyo!" alisema, machozi yanamtoka. "Sahani naisafisha mimi. Dada hali. Nilidanganya."

Kalamu ikasimama. Mama alimtazama Kifutio, kisha akaitazama mikono ya dada ilivyokonda, kama ndiyo kwanza anaiona.

Hapo dada naye akafunguka. Alisema chuoni alikunywa chai na biskuti tu ili awahi maktaba. Alikuwa akiingia jua halijachomoza na kutoka limeshazama. Polepole chakula kikakosa ladha, kisha masomo, kisha hata marafiki.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari aliwaita wote. "Vitamini zake ziko chini sana," alisema. "Pia ana ugonjwa uitwao sonona, huzuni nzito isiyoondoka."

"Kwa hiyo ni vitamini zilizomhuzunisha?" mama aliuliza.

"Siwezi kusema kipi kilianza. Vitamini zikipungua, mwili hulegea na moyo unaweza kulegea pia. Moyo ukiwa mzito, mtu hali, na vitamini zinazidi kupungua. Kwa hiyo tutatibu vyote. Atatumia dawa, atakula, atatoka juani, na kila wiki atakuja kuzungumza na mshauri. Si mvivu huyu. Ni mgonjwa, na atapona."

Mama aliinama. "Mwanangu, nisamehe. Nilikupigia kelele badala ya kukuuliza."

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Zilikuwapo siku za pazia kufungwa tena. Lakini sasa mama alitoa cherehani barazani kila asubuhi, wakala watatu pamoja pale penye jua, hata kama dada alimeza vijiko vitatu tu. Likizo ilipokwisha, chuo kikamruhusu apumzike muhula mmoja.

"Nilimsaliti dada?" Kifutio aliuliza asubuhi moja pale barazani, dada akiwa kando yake na sahani yake.

Mama aliacha kushona. "Hapana. Ulipomfichia ndipo ulipomwacha peke yake. Ulipousema ukweli ndipo alipopata msaada. Mtu akikuomba uufiche ugonjwa wake, tafuta mkubwa umwambie, hata akikasirika."

Kifutio alitikisa kichwa kukubali, na kwa mazoea mkono wake ukaanza kusogea taratibu kwenye yai la dada.

Dada akaifunika sahani kwa viganja viwili.

"Toa mkono wako, Kifutio," alisema. "Sijashiba."