Sauti Iliyofungiwa Nje

Kasi alirudi kutoka shule kama kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akaruka vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni, akamwamkia mama yake aliyeinamia cherehani. Jina la Kasi alibandikwa na kaka yake, kwa kuwa katika michezo ya mbio za magari ya kompyuta hakuna mtoto wa mtaa ule aliyemfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula kwanza. Saa kumi na moja Bibi anapiga, usiende popote."

Bibi alikuwa nchi ya mbali kwa mjomba, akitibiwa koo. Ndiye aliyemfundisha mama kushona, na kila alipopiga simu ya video hakuanza kwa salamu. Aliuliza, "Uzi umepita?" Kasi hujibu, "Umepita, Bibi!" kisha wote hucheka. Siku hiyo haikuwa ya kucheka. Madaktari wangempasua jioni. Walisema atapona, lakini sauti yake haitarudi. Simu ya saa kumi na moja ndiyo ingekuwa ya mwisho kumsikia.

Kasi alilijua hilo. Lakini mchezo mpya wa magari ulikuwa umetoka, na wenzake wangeshindana jioni ileile. Akawasha kompyuta, akaanza kuupakua. Mstari wa kupakua ukatambaa kama konokono mgonjwa.

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa hivyo siku zote. Mama aliogopa wezi na vumbi la vitambaa, basi kile kisanduku cha mtandao alikishonea koti zito, akakifungia ndani ya kabati la chuma.

"Hata mtoto mchanga hafunikwi hivi," kaka aliwahi kumtania.

"Cheka tu. Kikiibwa usije kunililia," mama akamjibu, na mambo yakaishia hapo.

Kasi akampigia rafiki yake wa darasani, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake.

"Nani mwingine anatumia mtandao hapo?" Profesa aliuliza.

"Mama tu. Kaka yuko kazini."

"Basi ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uifungie simu ya mama. Mtandao wote utakuwa wako."

"Akijua je?"

"Atajulia wapi? Ukimaliza unaifungua. Bingwa gani mwoga hivyo?"

Neno hilo lilimchoma Kasi. Akaifungia. Mstari ukaongeza mwendo kidogo. "Nitaifungua kabla Bibi hajapiga," alijiambia, akavaa hedifoni.

Kumbe hospitalini chumba cha upasuaji kilipatikana mapema. Mjomba akapiga simu ya video, akapiga tena na tena. Simu ya mama ililala kimya kando ya mkasi. Haikuwa na bando. Ilitegemea mtandao wa nyumba. Mama alipoishika ili ajaribu kupiga yeye mwenyewe, haikuunganika. Akaizima, akaiwasha. Wapi! Akatoka mbio na futi ya kupimia shingoni, hadi kwa jirani kuomba mtandao.

Alirudi polepole. Kasi alivua hedifoni alipouona uso wake.

"Wameshaingia naye," mama alisema. "Mjomba wako ameandika kwamba mpaka mlangoni alikuwa akiuliza kama uzi umepita." Akaketi juu ya lundo la vitambaa, akalia. "Kosa ni langu. Ningeweka bando. Mama yangu ameniita, sikuitika."

Kasi angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini kumwona mama akijilaumu kwa kosa lisilo lake kulimshinda.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Niliifungia simu yako nje ya mtandao ili nipakue mchezo."

Mama hakuinua mkono wala sauti. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. Tangu hapo hadi jioni cherehani haikulia.

Kaka aliporudi na kusimuliwa, alifungua kabati, akakivua kile kisanduku koti lake, akakiangika ukutani. Mstari uliokuwa ukitambaa ukaruka hadi mwisho.

"Kabati la chuma linazuia mawimbi," alisema kwa huzuni. "Tulikaa tukicheka tu. Ungesema mtandao unakukwaza, Kasi, tungetafuta sababu pamoja."

Mchezo ulikuwa tayari. Kasi akaufuta.

Bibi alipopata nafuu, mjomba alipiga simu. Picha ilikuwa safi kama kioo. Bibi alikuwa amefungwa bendeji shingoni. Alifungua kinywa, pakawa kimya. Kisha akainua mikono, akabana vidole kana kwamba ameshika sindano, akapitisha uzi usioonekana.

Machozi yalimtoka Kasi. "Umepita, Bibi," alisema. Bibi akatabasamu.

Simu ilipokatika, mama alimvuta Kasi kando yake. "Mwanangu, mimi nimekusamehe, lakini sauti ya Bibi hatutaisikia tena. Mtandao wa nyumba ni kama maji ya mtungi, kila mmoja ana kikombe chake. Ukiona hayakutoshi, sema, tutafute njia pamoja. Usimzibie mwenzako ili ufike wewe, maana hujui ni nini kilikuwa njiani kumfikia."

Kisha akampa sindano na uzi. Kasi alijaribu mara nyingi, macho yakiwa bado na machozi, mpaka uzi ukapita.