Mchungaji wa Choo

Kila asubuhi, katika nyumba yao ya kupanga mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, Wanjiku alitoka chooni, akanawa mikono, kisha akasimama kwenye ujia na kusema baraka. Alimshukuru Mungu aliyemuumba mtu kwa hekima, akampa mishipa na matundu, ambayo moja tu likiziba, mtu hawezi kusimama. Ndivyo Wayahudi wa ukoo wao walivyofanya tangu enzi za babu yake kule Nyandarua, Kenya. Walikuwa na baraka ya mkate, ya matunda, hata ya radi. Hii ya kutoka chooni ndiyo iliyosemwa kila mara.

"Sauti!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Unamshukuru Mungu au unamnong'onezea umbea?"

Mama yake, Sista Priscah, alikuwa muuguzi hospitalini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpa Wanjiku chupa ya maji, akamsukuma mlangoni. "Yalla, haraka, basi la shule halingoji."

Shida ilikuwa shuleni. Emily, aliyecheza naye netiboli, alikuwa amemkuta nje ya choo akinong'ona.

"Wewe! Unaombea choo?"

Kufikia mapumziko, timu nzima ilikuwa imempa jina. "Mchungaji wa Choo! Tubariki, tumebanwa!"

Wanjiku aliona amepata suluhisho. Hakwenda tena choo cha shule. Na ili asibanwe, aliacha kunywa maji. Chupa yake aliimwaga kwenye mti ulio karibu na geti.

"Umekunywa?" Mama alimuuliza kila jioni.

"Nimemaliza, Mama."

Siku ya mechi ya ugenini ikafika. Timu ilisafiri kwa ndege hadi Jeddah kucheza na shule ya huko, na Sista Priscah akaandamana nao kama muuguzi. Mechi ilikuwa ya jioni, kwa hiyo mchana wasichana walitembezwa Balad, mji wa kale wenye nyumba za mawe ya matumbawe. Jua lilikuwa kali na hewa nzito. Kichwa kilimuuma Wanjiku. Mbele ya duka la viungo, akaanguka.

Mama alimvuta kivulini. Alimfinya ngozi ya mkono, akamtazama midomo iliyokauka.

"Umekunywa nini leo?"

"Chupa nzima..."

"Wanjiku."

Wanjiku akaanza kulia. "Sijanywa, Mama. Hata jana sikunywa. Nikinywa nitaenda choo, nikienda choo nitasema baraka, na nikisema baraka wananicheka."

Mama alimwekea chupa mdomoni. "Kidogo kidogo. Na mechi ya leo huchezi."

"Mama! Mimi ndiye mfungaji!"

"Halas, yamekwisha. Umejifunga mwenyewe."

Kisha akawageukia wale wengine, mikono kiunoni. "Mimi nahudumia watu ambao figo zao zimekataa kazi. Wanalala kando ya mashine iwasafishie damu. Yuko mmoja tajiri kweli. Angetoa gari lake ili akojoe mara moja tu kama ninyi. Haya, nani bado anacheka?"

Emily aliinama kufunga kamba za viatu.

"Hata sisi Waislamu tukitoka chooni tunamwomba Mungu, Bi Priscah," alisema Zuwena, mchezaji mwenzao kutoka Unguja. "Nilijua si jambo la kuchekwa. Nikanyamaza tu."

"Basi usinyamaze tena," Mama akamjibu.

Jioni, uwanjani, maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Wanjiku alipotoka chooni, wachezaji walikuwa wamepanga foleni. Alinawa mikono, akatoka mlangoni, akasimama mbele yao.

"Mchungaji huyo," Emily alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Ndiye mimi. Subiri nimalize."

Akaisema baraka yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ileile aliyozoea kuitia mpira uwanjani. Wasichana wawili wakacheka. Hakuharakisha.

"Amina," Zuwena akaitikia.

Timu yao ilifungwa vibaya. Wanjiku aliitazama mechi nzima kutoka kwenye benchi, chupa mkononi, akiumia kila mpira ulipokosa wavu.

"Inauma?" Mama aliuliza.

"Sana."

"Vizuri, utakumbuka. Uliona haya kwa jambo jema. Ili kulificha, ukaunyima mwili wako maji. Ili kuficha hilo nalo, ukasema uongo. Sasa sikiliza: anayeicheka shukrani yako hana figo ya kukuazima. Mshukuru Mungu kwa sauti, na unywe maji yako."

Wanjiku alifungua chupa. Akasema kwanza baraka ya maji, Emily akiwa palepale anasikia, kisha akanywa.