Tumpe na Pampu Mpya ya Kobe

Kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo.

Kwa nini Kobe alimsikiliza Tumpe peke yake?

Kobe huyu hakuwa na gamba wala mkia. Kobe alikuwa lori la baba. Lori la dizeli, la kijani, lenye taa mbili za mviringo na mwendo wa polepole.

Tumpe ni mdogo wangu. Siku hizo alikuwa na miaka sita, na meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Tuliishi milimani, huko Rungwe, katikati ya mashamba ya viazi. Asubuhi kulikuwa na baridi. Ukungu ulikuja mpaka mlangoni, ukasimama hapo kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.

Na kila asubuhi, Kobe aligoma.

Baba aliwasha. Nye... nye... nye...

Kimya.

Pampu ya Kobe ilikuwa imezeeka. Ilivuta dizeli kutoka kwenye tangi, lakini haikuweza kuishikilia. Usiku dizeli yote ilirudi tangini, na kwenye bomba ukabaki upepo mtupu.

Lakini kando ya injini palikuwa na kitufe kikubwa cheusi. Ukikibonyeza mara nyingi, dizeli inapanda tena. Watu wa magari hukiita pampu ya mkono.

Baba alibonyeza. Kobe akalala.

Mama alibonyeza. Kobe akalala.

Nilibonyeza mimi, mpaka mikono ikauma. Kobe akalala tu.

Basi baba alimwita Tumpe. Akamsimamisha juu ya kreti la soda. Tumpe alibonyeza kwa viganja viwili, huku akiimba:

Fyu, fyu, Kobe amka.
Fyu, fyu, dizeli panda.

Na Kobe akaamka. Ngu... ngu... ngurrrruma!

Baba alisema labda ni wimbo. Niliuimba na mimi. Kobe akalala.

Mama alisema labda Tumpe habonyezi kwa haraka. Nilibonyeza taratibu, taratibu. Kobe akalala.

Sijui. Sikujua siku ile, na sasa nina mvi na bado sijui.

Kobe akishaamka, baba alipakia viazi akashuka mjini Mbeya. Jioni alirudi na sukari, chumvi na sabuni za maduka ya kijijini.

Kushuka kulikuwa rahisi. Kurudi kulikuwa kupanda, kupanda, kupanda.

Kwenye kona ya mianzi, mlima ulikuwa mkali kuliko pote. Hapo Kobe aliishiwa pumzi. Dizeli haikupanda upesi, na Kobe alizimika.

Baba alishuka na tochi. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza.

Tumpe hakuwepo, na Kobe, japo injini ilikuwa bado ya moto, hakuwaka mpaka usiku wa manane.

Nyumbani, Tumpe alilala pembeni kabisa ya kitanda. Katikati alimwachia baba nafasi.

Alitega sikio. Alisikia mbwa. Alisikia mvua. Hakusikia Kobe.

Usingizi ulifika kabla ya baba. Kila siku usingizi ulifika kabla ya baba.

Asubuhi Tumpe alimwona baba kwenye ukungu, karibu na lori. Kidogo tu.

Fyu, fyu, Kobe amka.
Fyu, fyu, dizeli panda.

Na baba akaondoka tena.

Jumamosi moja alikuja Fundi Mwaipopo, na pikipiki yake yenye boksi nyuma. Alivaa ovaroli lenye mifuko mingi iliyojaa spana, na kila mfuko uligongana na mwenzake. Kling, klang.

Alileta boksi jingine dogo la karatasi. Ndani mlikuwa na pampu mpya, ndogo kama gunzi la mahindi. Ilikuwa pampu ya umeme.

Baba aliigeuza huku na huku. Haikuwa imetoka kwa waliotengeneza Kobe. Ilikuwa pampu ya bei nafuu, na boksi lake halikuwa hata na picha. Baba alimwuliza fundi kama kweli itaweza kazi.

"Baba Lusajo," fundi alisema, "lori halisomi boksi."

Lusajo ni mimi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Fundi alitueleza. Pampu itafungwa karibu na tangi. Baba atabonyeza swichi, na dizeli itapanda yenyewe. Asubuhi itapanda. Kwenye kona ya mianzi itapanda pia.

Mama alifurahi. Nilifurahi. Baba alifurahi.

Tumpe alichukua boksi lenye pampu, akaliweka chini, akalikalia.

Fundi alitafuta pampu juu ya bonati. Akatafuta kwenye pikipiki. Akatafuta kwenye mifuko yake yote. Kling, klang.

Kisha akamwona Tumpe.

"Binti," alisema, "umekalia kazi yangu."

"Na wewe unachukua ya kwangu," Tumpe alisema.

Fundi alijikuna kichwa. Alimtazama baba. Baba alichuchumaa mbele ya Tumpe, magoti yake yakagusa matope.

Baba hakumcheka. Hakumgombeza. Alisema ni kweli, kazi ya kumwamsha Kobe ilikuwa ya Tumpe, na hakuna aliyeiweza kama yeye.

"Lakini jioni," baba alisema, "pale kwenye mianzi, Kobe anazimika na wewe hupo."

"Nitakuja na wewe."

"Na shule, mama?"

Baba alimwita Tumpe mama, kwa sababu Tumpe alipewa jina la bibi yetu, mama yake baba.

Tumpe alifikiri. Kuku alipita na vifaranga wake. Ukungu ulianza kuondoka mlangoni.

"Mkiifunga hii," Tumpe aliuliza, "utarudi sijalala?"

"Nitarudi ugali ukiwa bado wa moto."

Tumpe alifikiri tena. Alifikiri sana. Vifaranga walipita, wakarudi, wakapita tena.

Hakuna aliyemharakisha. Hata fundi alikaa chini, akavua kofia yake, akasubiri.

Mwisho Tumpe akasimama. Boksi lilikuwa limebonyea kidogo upande mmoja.

"Haya," alisema. "Mfungieni."

Kwanza Tumpe alipanda kwenye kreti. Alikibonyeza kile kitufe cheusi, taratibu, akaimba kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemwambia abonyeze. Hakuna aliyemwambia aache.

Fyu, fyu, Kobe amka.
Fyu, fyu, dizeli panda.

Kisha kazi ikaanza.

Fundi aliingia chini ya Kobe. Tuliona miguu yake tu. Aliifunga pampu kwenye chuma, karibu na tangi. Krrk, krrk, krrk.

Alikata bomba la zamani. Dizeli ilidondoka kwenye bakuli. To, to, to.

Pampu ilikuwa na mshale mgongoni. Mshale ulionyesha dizeli inakokwenda. Fundi aliuelekeza kwenye injini, akaunganisha mabomba, akayakaza kwa klipu.

Alipitisha waya mwekundu mpaka kwenye kiti cha baba. Akaweka fyuzi ndogo, ili waya usiungue. Akaweka swichi, nyekundu kama pilipili.

Baba alimbeba Tumpe akamkalisha kwenye kiti cha dereva. Miguu yake haikufika chini.

Tik.

Zzzzzzz, pampu mpya iliimba. Sauti yake ilikuwa kama ya nyuki ndani ya chupa.

Fundi alilegeza parafujo moja juu ya chujio la dizeli. Povu likatoka. Blubu, blubu, blubu. Ule ulikuwa upepo unatoka nje.

Povu likapungua. Blubu. Blu.

Ikatoka dizeli safi. Fundi akakaza parafujo, akapangusa mikono.

Baba aliwasha.

Ngurrrruma! Mara moja tu.

Tuliruka. Tumpe hakuruka. Alishuka, akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya taa ya Kobe. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaja kuruka na sisi.

Jumatatu baba alishuka mjini. Jioni tulikaa mlangoni, tukatega sikio.

Tulisikia mbwa. Tulisikia vyura.

Kisha, mbali, kule chini: ngu, ngu, ngu.

Kobe akafika kwenye kona ya mianzi. Mama aliacha kusonga ugali. Tumpe alishika mkono wangu, akaubana.

Ngu, ngu, ngu. Ngu, ngu, ngu.

Kobe hakusimama.

Baba aliingia ugali ukitoa moshi. Aliungua vidole, na Tumpe alifurahi sana kuona baba ameungua vidole.

Usiku ule Tumpe alimweleza baba habari zote za shule. Alimweleza nani alilia, nani alianguka, na nani alikula chaki. Kisha akalala, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa baba.

Baba naye akalala.

Akalala. Akalala. Akalala.

Khorrr... fyuuu. Khorrr... fyuuu.

Zamani baba aliamka mwenyewe, kabla ya jogoo. Aliamka kwa wasiwasi: je, Kobe atawaka? Sasa wasiwasi ulikuwa umekwisha, na baba alilala kama gunia la viazi.

Jua lilitoka. Wapakiaji walifika shambani, wakakaa juu ya magunia, wakasubiri. Mama aliita. Baba akageukia ukutani.

Jioni yake tulikaa kitandani, wote wanne, chini ya blanketi moja. Tulikuwa na jambo la kuamua: nani atamwamsha baba?

Nilisema tumwagie maji. Baba alikataa maji.

Mama alisema jogoo. Baba alisema jogoo wetu naye ni mvivu.

Tumpe alipiga miayo. Alimwegemea baba, akafumba jicho moja.

"Mimi naweza," alisema.

Tulimtazama. Akafumba na jicho la pili.

Basi mama akaamua. Kuanzia kesho, kazi ya kumwamsha baba itakuwa ya Tumpe. Baba alijaribu kusema ndiyo, lakini tayari alikuwa anakoroma.

Mama akazima taa.

Na kesho yake asubuhi, na asubuhi zote zilizofuata, aliyemwamsha baba alikuwa Tumpe.