Bomba Lililovuta Ndani

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata kaka yangu Sagini, hapa kwetu Boito, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika spana.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri. Mama alikuwa ametoka kupeleka majani chai kituoni, sasa yuko jikoni anakatakata mboga. Rasharasha ilikuwa imepita na kuku walikuwa wametoka tena uani. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka ule Mama alipoumia mkono akashindwa kuchuma. Tangu hapo nimekuwa msaidizi wa Sagini kwa mambo ya pikipiki yake ya boda. Spana namba kumi na namba kumi na nne nazijua kwa kupapasa tu. Sagini husema mimi ni fundi kuliko mafundi wote wa steji ya boda, ila mshahara wangu ni mandazi.

Siku hiyo alileta ekzosi ndani ya gunia. Lilikuwa bomba refu la kung'aa, mdomo wake mpana kama kikombe, na karibu na shingo chuma kilikuwa kimeanza kugeuka buluu kwa moto. Letu la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu hadi likatoboka chini.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kedowa. Kuna jamaa anauza spea."

"Na haitapiga kelele sana?"

"Hii haipigi kelele, Gesare. Hii inaongea. Abiria watanisikia wakiwa bado wanatafuta viatu."

Tulisimamisha pikipiki chini ya ukingo wa paa. Tulimwagia nati mafuta, tukangoja yaingie, kisha tukafungua zile mbili za kwenye injini na bolti ya nyuma karibu na pa kukanyagia. Sagini akakwangua masizi, akaweka gasketi mpya. Nikalishikilia bomba huku yeye akikaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili lisikae kombo. Kazi ilikwenda vizuri. Nakumbuka tulikuwa tunacheka.

"Sasa tujue kama inavuja," akasema. "Chukua kitambaa, uzibe mdomo kabisa. Kama haivuji, moshi utakosa njia na injini izime."

Akapiga kiki.

Sauti ilitoka nene, ya chini, na katikati yake kulikuwa na kitu kama kikohozi. Nilijua nimewahi kuisikia, lakini sikukumbuka wapi. Nikakunja kitambaa mara mbili, nikaziba mdomo wa bomba, nikajikaza ili moshi usinisukume.

Moshi haukunisukuma.

Kitambaa kilivutwa ndani. Polepole, kama mtu anayevuta uji kwa mdomo. Vidole vyangu vikaanza kufuata.

Nilivichomoa. Kitambaa kikaenda chote. Injini haikuzima.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha mboga mkononi. "Sagini, zima hiyo kitu."

"Mama, tunajaribu tu..."

"Nimesema zima! Hiyo ni sauti ya Kipkurui."

Hapo nikakumbuka. Kipkurui, yule kijana mrefu, alikuwa rafiki wa Sagini pale steji. Alikufa mwezi wa tano kwenye kona iliyo chini ya kiwanda cha chai. Pikipiki yake ilimlalia kifuani mtaroni, na walipoiinua hakuwa na pumzi tena. Alipokuwa hai, vilima vyote vya huku vilijua ekzosi yake. Ikisikika jioni, nyanya yake aliyemlea, ambaye sisi sote tunamwita Kogo kama Wakipsigis wanavyoita nyanya zao, alikuwa anaweka chai motoni kabla kijana hajafika.

Sagini alizungusha ufunguo. Injini ikanyamaza.

Bomba halikunyamaza.

Nilidhani ni chuma kinachopoa. Lakini chuma kikipoa hugonga, tik, tik. Hili lilikuwa linavuta. Likavuta, likatulia. Likavuta, likatulia. Kila likivuta, Sagini alitoa pumzi. Hakuirudisha yote.

"Mbona nachoka hivi?" akasema. Akakaa chini kwenye matope bila kuangalia anakaa wapi.

Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Mama alipiga magoti, akamshika kichwa, akaanza kuomba kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Mimi nilichukua spana namba kumi nikarukia zile nati. Nati tulizokaza sasa hivi tu, zenye mafuta bado. Hazikusogea. Nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote. Hazikusogea. Na bomba, ambalo lilikuwa limetoka kunguruma, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Gesare," Sagini akanong'ona. "Njoo hapa."

Niliinama.

"Sikununua Kedowa."

"Najua."

"Siku ya mazishi. Mimi ndiye nilishika mafuta."

Wanaboda wa huku wana desturi yao. Mwenzao akifa, pikipiki yake husimamishwa kando ya kaburi. Mmoja anashika mkono wa mafuta, anauzungusha hadi mwisho, nayo inanguruma mpaka petroli iishe na izime yenyewe. Wanasema hiyo ndiyo pumzi yake ya mwisho, apewe yote aende nayo. Siku ile nilikuwa pale. Niliona Sagini ameshika mafuta machozi yakimtoka, na injini ikazima, na watu wakaimba.

"Haikuzima yenyewe," akasema. "Mimi niliizima. Kwa ufunguo."

"Kwa nini?"

Alingoja pumzi. Ilichelewa.

"Bomba lilianza kuwa buluu kwa moto. Nililitaka. Niliona litaharibika." Akafumba macho. "Watu wa kwao walipotaka kuiuza pikipiki huko Sigor, nilisema naisafisha kwanza. Nikafungua hili, nikafunga la kawaida."

Mama aliacha kuomba. "Umemkatia mwenzako pumzi kwa sababu ya chuma?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Hakumgombeza tena. Alikuwa anaangalia kifua cha mwanawe, jinsi kinavyopanda kidogo, kidogo zaidi, kidogo zaidi.

Bomba likavuta.

Hospitali ni mbali na barabara ilikuwa utelezi. Nilijua hatafika. Nilijua pia ni nini kilichobaki kufanywa, na sikutaka kukifanya.

"Niiwashe?" nikauliza. "Niiache mpaka izime yenyewe?"

Sagini akaitikia kwa kichwa.

Lakini tangi lilikuwa limejaa. Alikuwa ametia petroli asubuhi ile. Tangi lililojaa lingenguruma hadi giza, na kaka yangu hakuwa na pumzi za kufika giza. Kwa hiyo nilichomoa mpira wa petroli kwenye koki ya tangi, nikamwaga petroli ndani ya ndoo. Nikaacha kidogo. Labda kikombe kimoja.

"Usiimwage yote," akanong'ona. "Lazima ibaki ya kwake."

Nikarudisha mpira, nikazungusha ufunguo. Nikapiga kiki. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikashika.

Nilivuta mafuta hadi mwisho.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kuku walikimbilia ndani ya shamba la chai. Mbwa wa jirani alilia mara moja akanyamaza. Sagini alijikunja, mdomo wazi, mikono ikikuna kifua. Mama alipiga kelele, "Gesare, acha! Unamuua!" Nilimsikia. Sikuacha. Shingo ya bomba ikawa buluu, ikawa nyekundu. Kaka yangu hakuwa anavuta pumzi kabisa. Nilihesabu. Kumi. Ishirini. Macho yake yalikuwa yananiangalia. Thelathini. Halafu hayakuwa yananiangalia.

Injini ikakohoa.

Ikashika tena. Ikakohoa. Ikazima yenyewe.

Kimya kikawa kikubwa. Bomba lilitoa pumzi moja ndefu, na kile kitambaa changu kikatoka nayo, kikaanguka matopeni. Kilikuwa kimelowa.

Sagini alivuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni. Akatapika. Akalia. Mama alimkumbatia na kumpiga makofi mgongoni, na mimi nikagundua kuwa bado nimeshika mafuta na vidole haviachii.

Baadaye nati zilifunguka kwa mkono mtupu.

Tulifunga bomba kwenye gunia, mimi na Mama, tukashuka kwa njia ya mtoni ili tulifukie pale kaburini kwa Kipkurui. Ilikuwa kama saa kumi na moja. Nyumba ya Kogo iko hatua chache tu kutoka kaburi. Yeye alikuwa mlangoni, amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani.

"Mbona mmekuja mmechelewa?" akasema, akicheka kwa furaha. "Mwenzenu alishafika."

Mama akanishika mkono. "Nani, Kogo?"

"Nani tena? Si nimemsikia huko kwenu? Nikaweka chai." Akatusogelea, akapunguza sauti kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Amelala. Alikuwa amechoka sana, maskini. Amesema mmempatia kidogo tu, lakini hata hiyo kidogo ni sawa."

Hatukuingia ndani. Tulichimba haraka, tukafukia, tukaondoka bila kugeuka nyuma.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu ile petroli niliyomwaga. Sijui kama ilikuwa haki yangu kupima. Nilitaka kaka yangu aishi, basi. Ningeulizwa tena leo, ningemwaga tena.

Na Sagini anaishi. Anakula vizuri, anabeba abiria, ananitania kama zamani. Alipimwa mapafu akaambiwa hana shida. Lakini mwezi wa nane huku kwetu asubuhi ni baridi sana. Wachumaji wakipita barabarani saa kumi na mbili, kila mmoja anatoa mvuke mdomoni, hata ng'ombe, hata watoto. Siku moja nilimpelekea Sagini chai akiwa anapangusa pikipiki. Alikuwa anaongea na kucheka, karibu kabisa na uso wangu.

Mdomoni mwake hakukutoka kitu.

Sikumwambia. Nilichukua mtungi nikashuka mtoni, na njia ya mtoni inapita nyuma ya nyumba ya Kogo. Yeye alikuwa shambani, nilimwona ameinama kati ya chai. Anaishi peke yake. Dirisha lake lilikuwa limefungwa. Kwenye kioo, kwa upande wa ndani, juu sana kuliko kimo chake, kulikuwa na duara la mvuke.

Lilififia. Likarudi. Lilififia. Likarudi.